Nguzo ya Mahwah: mwenye soko alipojiwekea njia ya mkato

Jumatatu ya Machi 23, 2020, ukumbi wa Soko la Hisa la New York pale Wall Street ulifungwa kwa sababu ya korona. Madalali tuliozoea kuwaona kwenye taarifa za habari, shingo juu, macho kwenye skrini, walibaki majumbani. Kengele ya saa tatu na nusu asubuhi ikalia vilevile. Bei zikapanda na kushuka vilevile. Ukumbi ulikaa mtupu hadi Mei 26, na kwa muda wote huo biashara ya hisa iliendelea kila siku ya kazi bila kuuhitaji.

Watu wa ndani hawakushangaa, maana walijua soko lilishahama zamani. Mashine zinazokutanisha muuzaji na mnunuzi ziko Mahwah, mji mdogo wa New Jersey, kilomita arobaini na kitu kutoka Wall Street. Jengo lenyewe lilianza kazi mwaka 2010 na lina karibu futi za mraba 400,000, eneo linaloweza kumeza viwanja vitano vya mpira. Humo ndimo hisa za makampuni makubwa ya Marekani zinapouzwa, na humo ndimo kampuni za biashara ya kasi, zinazonunua na kuuza kwa mashine ndani ya vipande vya sekunde, hupanga nafasi ili seva zao zilale jirani na mashine ya soko.

Kisa ninachokichambua kilitokea uani kwa jengo hilo, na chanzo chake ni nguzo moja iliyobeba antena. Ukikitazama juu juu utasema ni ugomvi wa matajiri juu ya vipande vya sekunde ambavyo jicho la binadamu haliwezi kuviona. Mimi naona kina uzito kuliko hivyo. Kilifika SEC, yaani tume ya Marekani inayosimamia dhamana na masoko ya hisa, kisha kikafika mahakama ya rufaa ya shirikisho jijini Washington, na swali lililokuwa mezani linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanga meza sokoni. Mtu akimiliki soko, kisha akamiliki na njia ya kuingilia sokoni, ni nani atakayemwambia basi?

Kutoka kiti hadi kabati

Ili kuuelewa ugomvi, inabidi kurudi nyuma kidogo. Kwa miongo mingi hukuweza kufanya biashara ndani ya soko la New York bila kuwa na kiti. Viti vilikuwa 1,366 tu, na mwaka 2005, siku za mwisho za utaratibu huo, kiti kimoja kiliuzwa hadi dola milioni 4. Bei hiyo ilikuwa kali, lakini aliyeilipa alikuwa mwanachama, na soko lilikuwa mali ya wanachama. Wakipandisha ada, walikuwa wanajipandishia wenyewe, kwa hiyo walijua wapi pa kusimama.

Mwaka 2006 soko liliungana na kampuni ya Archipelago, likageuka kuwa kampuni ya kibiashara ambayo hisa zake zinanunuliwa kama za kampuni nyingine yoyote. Mwaka 2013 likanunuliwa na Intercontinental Exchange, inayojulikana kwa kifupi kama ICE, yenye makao yake Atlanta. Tangu hapo anayelitumia soko ni mteja, na anayelimiliki ni mwenye hisa anayesubiri gawio. Ada ikipanda, mmoja anaumia na mwingine anafurahi.

Kuna jambo la pili ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nami nadhani ndilo mzizi wa yote. Mwaka 2005 SEC ilipitisha kanuni mpya za soko la taifa zima, na moja kati ya hizo inakataza agizo la mteja kutekelezwa kwa bei mbaya ilhali soko lingine linaonyesha bei nzuri zaidi. Nia ilikuwa njema kabisa: kumlinda mwenye akiba asipunjwe. Lakini matokeo yake ni kwamba dalali mkubwa hana tena hiari ya kulisusa soko fulani. Bei bora ya hisa ikijitokeza pale, sheria inampeleka pale, ama kwa waya wake mwenyewe ama kwa kupitia kwa mtu mwenye waya. Mteja ambaye sheria imemfungia mlangoni mwako ni mteja wa kipekee. Ukimpandishia bei atalalamika, atalia, lakini ataendelea kuja.

Basi kiti kikaondoka, kabati likashika nafasi yake.

Utaratibu wa kabati ni huu. Kampuni inakodi kabati la chuma ndani ya jengo la Mahwah, inaweka seva zake humo, na inavutiwa waya hadi kwenye mtandao wa soko. Sababu ya kufanya hivyo ni fizikia tupu. Nuru ikipita ndani ya faiba, yaani waya wa kioo, husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila mita ya waya inakula nanosekunde 5, yaani sehemu 5 za bilioni ya sekunde. Mtu aliyebaki katikati ya jiji, akiwa na waya wa kilomita 45, anachelewa maikrosekunde 225, yaani sehemu 225 za milioni ya sekunde, kwa safari ya kwenda peke yake. Kwako na kwangu hiyo si kitu. Kwa mashine zinazogombea bei moja, ni milele. Maagizo mawili yakija na bei ileile, lililotangulia kufika ndilo linalotangulia kuuziwa. Ni foleni kama foleni nyingine, na aliyelala mlangoni pa duka ndiye anayehudumiwa kwanza.

Hapa nataka kulitendea soko haki, kwa sababu kuna jambo lililofanywa vizuri, na ubaya wa ile nguzo hauonekani bila kulijua hili. Ndani ya ukumbi wa seva, nyaya za wapangaji hupimwa ziwe na urefu mmoja. Kabati moja linaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwenye mtandao wa soko na lingine likawa mwisho wa ukumbi. Yule wa karibu hapewi waya mfupi. Anapewa urefu uleule wa yule wa mbali, na sehemu inayozidi inakunjwa mizunguko, inafungwa, inaachwa hapo. Nuru inazunguka ndani ya mizunguko hiyo bila kwenda popote, ili tu jirani wa mwisho wa ukumbi asionewe. Mtu anayefikia hatua ya kukunja waya kwa ajili ya usawa anajua vizuri kabisa mita moja ina thamani gani.

Bei ya kukaa karibu

Sasa tuifungue orodha ya bei, kama ilivyokuwa kuelekea mwisho wa miaka ya 2010. Kabati lilikuwa dola 5,000 za kuanzia. Umeme ulilipiwa kwa kilowati zilizotengwa kwa mpangaji: dola 1,200 kwa kila kilowati kwa mwezi kwa mwenye kilowati 4 hadi 8, ikishuka hadi dola 900 kwa mkubwa mwenye zaidi ya 40. Mpangaji mdogo, kwa maneno mengine, analipia umeme wake kwa bei ya juu kuliko mpangaji mkubwa. Anayetaka kuzungushiwa uzio wa waya ili makabati yake yasiguswe wala kuchunguliwa na jirani, yaani kizimba hasa, alilipa dola 5,000 za kuanzia na 2,700 kila mwezi ikiwa makabati hayazidi 14.

Halafu unakuja waya, na hapo ndipo pesa ilipo. Waya wa gigabiti 10 (kipimo cha wingi wa taarifa unazopitisha kwa sekunde) kuingia kwenye mtandao wa soko ulikuwa dola 14,000 kila mwezi. Ukitaka waya wa uwezo huohuo, gigabiti 10 zilezile, lakini unaopita kwenye vifaa vyenye ucheleweshaji mdogo zaidi, ilikuwa dola 22,000 kila mwezi. Hebu tusimame hapo. Tofauti ni dola 8,000 kwa mwezi, dola 96,000 kwa mwaka, na mteja hapati hata biti moja ya ziada. Anachonunua ni kutochelewa. Mtu akiwa wa kasi na mshindani wake akachukua waya wa 22,000, hana chaguo: ama naye achukue, ama akubali kufika wa pili kila siku. Wakishachukua wote, wanarudi palepale walipokuwa, wako sawa, isipokuwa kila mmoja sasa anamlipa mwenye jengo zaidi.

Tuchukue kampuni ya mfano, ndogo kwa vipimo vya huko: kabati moja, kilowati 8, nyaya mbili za kasi kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayetegemea waya mmoja. Umeme ni dola 9,600, nyaya ni 44,000. Jumla dola 53,600 kwa mwezi, au 643,200 kwa mwaka. Hapo hajalipia takwimu za bei, hajamlipa fundi hata mmoja, hajanunua hisa hata moja. Na hiyo ni Mahwah peke yake. Mashine za soko la Nasdaq ziko Carteret, za soko la Cboe ziko Secaucus, zote New Jersey, kila moja na mwenye nyumba wake na orodha yake.

Anayejua kilemba cha fremu Kariakoo ataielewa hesabu hii mara moja. Hulipii ukubwa wa chumba. Unalipia mlango unakoelekea.

Njia ya hewani

Faiba ina udhaifu mmoja: nuru ndani ya kioo hupoteza theluthi ya kasi yake. Hewani, mawimbi ya maikrowevu husafiri karibu na kilomita 300,000 kwa sekunde, tena yanakwenda moja kwa moja bila kufuata kona za barabara na mifereji. Kwa hiyo kampuni zikajenga mitandao ya antena kati ya Mahwah, Carteret na Secaucus, na nyingine kubwa zaidi kuelekea Chicago. Bei ikibadilika Carteret, anayeijua kwanza Mahwah ndiye anayefaidika, na anayetumia hewa anamtangulia anayetumia faiba.

Mbio hizo zilifika mahali ambapo watu walinunua mashamba. Mwaka 2016 kampuni yenye uhusiano na mfanyabiashara mmoja mkubwa wa biashara ya kasi ilinunua ekari 31 huko Aurora, Illinois, ng'ambo ya kituo cha data cha soko la mikataba la CME, kwa takriban dola milioni 14. Hawakuwa na nia ya kulima mahindi. Walitaka kusimamisha antena karibu na ukuta.

Kumbuka sasa kwamba maikrowevu haiingii ndani ya jengo. Antena inakaa juu ya nguzo nje, na kutoka kwenye nguzo hadi ndani kwenye makabati ishara inasafiri kwa faiba. Kipande hicho cha mwisho ndicho cha polepole, na kila mita 100 zake ni nanosekunde 500. Ukishindana na mtu ambaye safari yake ya hewani inalingana na yako, mshindi anaamuliwa na urefu wa faiba kati ya nguzo na mlango.

Pale Mahwah kampuni za nje zilizouza huduma ya maikrowevu zilisimamisha antena zao kwenye nguzo zilizo nje ya eneo la jengo. Kampuni ya ICE Data Services, dada wa soko chini ya mzazi mmoja, ilikuwa na nguzo ndani ya uzio. Ilikuwa inauza huduma mbili: kuunganisha seva za mteja zilizo Mahwah na vituo vingine kwa mawimbi, na kupeleka takwimu za bei za soko la New York kwa mawimbi hadi Carteret, Secaucus na Markham huko Kanada. Huduma kama hizo zilikuwa zinauzwa na wengine pia. Nguzo ya ndani ndiyo ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Mwenye jengo yuleyule aliyekunja waya ndani ya ukumbi ili mpangaji wa karibu asimpite wa mbali, kule nje alijisogezea antena yake mwenyewe karibu na mlango. Usawa aliuhimiza pale alipokuwa mwamuzi kati ya wapangaji. Alipogeuka mchezaji, kipimo kikabadilika. Huhitaji kuthibitisha nia mbaya ya mtu yeyote kuona kwamba hali hiyo haifai kuachwa iamuliwe na mwenye jengo peke yake.

Neno lililoandikwa enzi za utepe wa karatasi

Kampuni za McKay Brothers, inayouza huduma ya maikrowevu, na Virtu, ya biashara ya kasi, zilikuwa miongoni mwa waliopeleka pingamizi. Lakini ili SEC iweze hata kuwasikiliza, ilibidi kwanza lijibiwe swali la kisheria: je, mawimbi hayo ni sehemu ya miundombinu ya soko, au ni biashara ya kawaida ya kampuni nyingine?

Jibu linabeba uzito wote. Huduma ikiwa ni miundombinu ya soko, bei yake lazima iwasilishwe kwa tume, itangazwe, watu watoe maoni, na ipite vipimo vya sheria ya mwaka 1934: ada iwe ya kadiri, igawanywe kwa usawa, isibague watumiaji isivyo haki, na isiwekee ushindani mzigo usio wa lazima. Kwa makabati ya ndani jambo hili lilishakuwa wazi tangu Januari 2010, tume iliposema katika waraka wake kuhusu muundo wa soko kwamba huduma ya kuweka seva ndani ya kituo cha soko ni ya kuwasilishwa. Lakini ikiwa mawimbi ni biashara ya kawaida, dada anaweza kuuza kwa bei yoyote, kwa mtu yeyote, kwa siri, na hakuna wa kumuuliza.

Sheria ya 1934 inaelezea miundombinu hiyo kwa upana. Inataja majengo na mali ya soko, haki ya kuvitumia kwa ajili ya kufanya au kutangaza biashara, na ndani yake inaingiza mfumo wowote wa mawasiliano kwenda au kutoka sokoni, kwa tika au kwa njia nyingine, unaoendeshwa na soko lenyewe au kwa ridhaa yake. Tika ni kile kimashine cha zamani kilichokuwa kinachapa bei kwenye utepe wa karatasi katika ofisi za madalali. Mwaka ule hakuna soko lililopeleka bei zake kwa antena ya maikrowevu juu ya nguzo. Lakini waliotunga walijua kwamba bei isiyofika haina faida, na kwamba anayeshika waya wa kupelekea bei ameshika soko. Wakaongeza yale maneno, "au kwa njia nyingine". Nimeyarudia kuyasoma mara nyingi, na kila mara naona yameandikwa na watu waliowahi kuibiwa kwa kucheleweshewa habari.

Utetezi wa soko haukuwa wa kupuuzwa. Walisema huduma inauzwa na ICE Data Services, ambayo si soko. Walisema wako washindani wanaouza kitu kilekile bila kuwasilisha bei popote, wanaoweza kumpa mteja punguzo kimyakimya, wakati wao wangelazimika kubandika kila bei hadharani na kusubiri siku za maoni. Hoja hii ya pili ina ukweli. Mfanyabiashara anayelazimishwa kuonyesha bei zake kwa mshindani asiyeonyesha zake anacheza mkono mmoja ukiwa umefungwa. Masoko matano ya kundi hilo yaliwasilisha nyaraka mwanzoni mwa 2020 huku yakisisitiza kwamba hayakubaliani na msimamo kuwa yanapaswa kufanya hivyo.

Katikati ya hayo lilitokea jambo la pembeni linalonisaidia kuona nani ana nguvu. Wabunge wa New Jersey walipendekeza kodi ya robo ya senti kwa kila muamala unaopita kwenye vituo vya data vya jimbo lao. Masoko yalipinga vikali, na kuanzia Septemba 28 hadi Oktoba 2, 2020, soko la NYSE Chicago, moja kati ya yale matano, lilihamishia biashara zake kwenye kituo cha akiba nje ya jimbo, kuonyesha kwamba kuhama kunawezekana. Mwenye jengo anaweza kuhama. Mpangaji aliyefunga kabati lake na kuvuta nyaya zake hana la kufanya ila kumfuata kokote aendako, na kulipia upya huko.

Uamuzi na hukumu

Oktoba 15, 2020, SEC ilitoa uamuzi. Mawimbi ni miundombinu ya soko. Kuyauza kupitia kampuni dada hakubadilishi kitu, kwa sababu mawasiliano hayo yanaendeshwa kwa ridhaa ya soko, ndani ya eneo linalotawaliwa na mzazi mmoja. Hapohapo tume ikaziidhinisha ada zenyewe.

Idhini hiyo haikuja bure. Masoko yalikuwa yamekubali kuweka kanuni mpya, namba 3.13, inayohusu nguzo ya kituo cha data. Kwa maneno ya kawaida, kanuni inaizuia kampuni dada isipate faida ya umbali kutokana na nguzo yake ya ndani: kwa kuhesabu njia ya kufika kwenye makabati, isiwe karibu kuliko nguzo ya kibiashara ya nje iliyo karibu zaidi. Ni ule ule utaratibu wa waya uliokunjwa ndani ya ukumbi, sasa umetolewa nje hadi uani. Naona hilo ni jambo la haki kweli, na waliopiga kelele hadi likafanyika wanastahili shukrani, hata kama walikuwa wanatetea matumbo yao.

ICE haikuridhika na ule msimamo kwamba mawimbi ni miundombinu. Ikaenda mahakamani, na Januari 2022 mahakama ya rufaa ya Washington ikayakataa malalamiko yake na kuuacha uamuzi wa tume usimame. Kwa maoni yangu mahakama ilifanya sawa. Ingekuwa vinginevyo, soko lolote lingefungua kampuni dada ya nyaya, nyingine ya umeme, nyingine ya makabati, na sheria ya 1934 ingebaki na jina la soko juu ya mlango wa chumba kitupu.

Kilichobaki bila kuguswa

Pamoja na furaha yangu juu ya nguzo, kuna sehemu ya uamuzi ambayo siwezi kuisifu. Ada za mawimbi ziliidhinishwa kwa msingi kwamba kuna ushindani: wako wauzaji wengine, na nguzo ikishasawazishwa mteja anaweza kwenda kwao. Kwa hewani nakubali. Hewa haina mwenyewe, na McKay Brothers wana antena zao. Lakini hoja hiyohiyo ya ushindani ndiyo masoko huitumia kutetea ada za makabati na nyaya za ndani, na huko haishiki. Mahwah ni moja. Hakuna mtu anayeweza kujenga Mahwah nyingine ng'ambo ya barabara na kukuuzia waya wa kuingia kwenye mashine ileile kwa bei nafuu.

Masoko hujibu kwamba hakuna anayelazimishwa kupanga humo. Mpangaji mdogo anaweza kupitia kwa mpangaji mkubwa anayemgawia sehemu ya waya wake, na hata soko lenyewe lina vifurushi vya kabati nusu kwa wadogo. Ni kweli, milango hiyo ipo. Lakini anayepitia kwa jirani anamlipa jirani, naye jirani amemlipa mwenye jengo. Bei ya mwanzo inabaki ileile, imebadilisha jina tu.

Njia nyingine ya kupima ada ipo, nayo ni kuuliza huduma inamgharimu mtoaji kiasi gani. Tume ilishaanza kuelekea huko. Machi 2019 ilizikataa ada za kuunganishwa za soko dogo la BOX kwa sababu halikuthibitisha kwamba zinakidhi sheria, na Mei mwaka huohuo maofisa wake wakatoa mwongozo wa namna soko linavyopaswa kutetea ada zake, gharama zikiwa miongoni mwa vielelezo. Kabla ya hapo, Januari 2019, soko la IEX lilifanya kitu cha kipekee: lilichapisha hesabu zake lenyewe, likionyesha inagharimu kiasi gani kutoa takwimu na nyaya, na kulinganisha na bei za wakubwa. Kwa hesabu zao, pengo lilikuwa la mara nyingi, si la asilimia kadhaa.

IEX ni mshindani, kwa hiyo hesabu zake zisomwe kwa kujua hilo. Lakini ndilo soko ambalo, tangu SEC ilipoliruhusu kuwa soko kamili Juni 2016, limekuwa likipitisha kila agizo kwenye waya wa maili 38 uliokunjwa ndani ya kisanduku, ili kila mtu achelewe maikrosekunde 350 bila kujali seva yake iko wapi. Kwa soko la namna hiyo kabati la karibu halina maana, kwa hiyo halina bei.

Naulizwa wakati mwingine kwa nini mtu wa lugha yetu ahangaike na haya. Wako Waswahili wengi Minneapolis, Houston na Toronto ambao kila mwezi sehemu ya mshahara wao inakatwa kwenda kwenye mfuko wa uzeeni, na mfuko huo unanunua hisa kupitia kwa madalali wanaolipa ada hizi. Dalali hazilipi kutoka mfukoni mwake. Anazirudisha ndani ya gharama za biashara, kidogo kidogo, senti kwa senti, kwa miaka 30, na zinamfikia mhudumu wa hospitali ambaye hajawahi kusikia jina Mahwah.

Kwa sababu ya uamuzi wa 2020, uliothibitishwa na hukumu ya 2022, bei za mawimbi sasa zimo kwenye orodha ya wazi, pamoja na za makabati, vizimba na nyaya. Mtu yeyote mwenye simu, awe New Jersey au Tanga, anaweza kuifungua na kusoma kila mstari. Utakuta waya wa gigabiti 10 unauzwaje. Inamgharimu mwenye jengo kiasi gani kuuvuta, hilo halimo.